Mstari wa Wakwe pale Isongole

Mimi nilikuwa dereva. Naanza na hilo, vijana wangu, ili msije mkadhani mnasoma maneno ya mkubwa. Nilistaafu nikiwa sajenti, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza nimeshika usukani wa Land Cruiser ya mkuu wa polisi wa wilaya, Tukuyu. Wakuu walikuja wakahamishwa, mimi na gari tukabaki. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kati ya wote niliowaendesha kuna mmoja ambaye mpaka leo nikimkumbuka mwili unanisisimka, mniamini. Nina wa kulinganisha nao.

Kwanza niwaambie Tukuyu ilivyonipokea. Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Kwetu mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuiangalia. Nilipoletwa huku nilipanga chumba Makandana, na baada ya kushinda na kulala na mvua, kisha nikashinda nayo tena, nikamuuliza mwenye nyumba wangu mvua ya huku inakatika lini. Yule baba akafikiri kwa makini kabisa, akanijibu kwamba ilikatika juzi, bahati mbaya nilikuwa sijafika. Nilidhani ananitania. Nilipokaa zaidi nikajua alikuwa ananipa taarifa.

Barabara za huku ndizo zilizonifundisha udereva, maana nilichotoka nacho chuoni kilikuwa leseni tu. Mtelemko wa huku usiushuke kwa breki, ushuke kwa gia. Breki iache ipumzike ili siku ukiihitaji iwe na nguvu. Ukungu ukishuka usiwashe taa kali, utajipofusha mwenyewe. Na vifutio vya kioo vikikufia katikati ya mvua, kata kiazi mviringo sugua kioo cha mbele kwa nje, maji yatateleza utaona njia. Hilo la kiazi nilifundishwa na mama mmoja wa Isongole aliyenikuta nimekwama barabarani nachungulia dirishani. Alinicheka kwanza mpaka akaridhika, ndipo akanipa kiazi.

Sasa huyo mkuu. Kila mtu alimwita Afande Nyamizi, jina alilopewa nyumbani kwao Tabora. Mwanamke mwembamba, sauti ndogo, mwendo wa haraka. Siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa nyuma kama nilivyozoea kuwafungulia wakubwa. Akaufunga taratibu, akazunguka, akapanda mbele pembeni yangu.

"Sajenti," akasema, "nimeletwa kuitazama wilaya. Nikikaa nyuma nitatazama kisogo chako."

Tangu siku ile hakukaa nyuma. Na kwa kuwa alikaa mbele, tuliongea, na mengi ninayoyajua juu yake niliyapata njiani kati ya tope na ukungu.

Alianzia chini kabisa. Alikuwa konstebo wa usalama barabarani, anasimama juani Tabora anaongoza baiskeli, maana enzi zile magari yalikuwa ya kuhesabu. Akanisimulia kwamba mtu wa kwanza kumkamata katika maisha yake ya kazi alikuwa mwizi wa baiskeli, aliyemkuta anavunja kufuli mchana kweupe. Alimtia pingu kwa furaha, akampeleka kituoni akiwa kifua mbele. Kumbe yule bwana alikuwa anavunja kufuli la baiskeli yake mwenyewe, funguo zilimdondoka kisimani. Kituo kizima kilicheka, na mwenye baiskeli naye akacheka, jambo ambalo Afande alisema lilimuuma kuliko yote. Kuanzia hapo, aliniambia, swali linatangulia na pingu zinafuata, na mara nyingi swali likiulizwa vizuri pingu zinabaki kiunoni.

Akapanda. Dawati la wanawake na watoto, upelelezi, kozi hii na ile, mkuu wa kituo huku na kule, mpaka nyota zikajaa mabegani. Lakini buti alizipiga rangi mwenyewe. Chakula cha mahabusu alikionja yeye kwanza, tena siyo kijiko kimoja cha kuonyesha watu, alikaa akala. Siku akikuta maharage hayajaiva vizuri, mpishi alikuwa anatafuta pa kujificha.

Kuna desturi yake moja iliyonisumbua sana mwanzoni. Tukienda kwa mtu kijijini, aliniamuru nisimamishe gari mbali, halafu tunatembea. Kisiba huko nimetembea kwenye majani yaliyolowa mpaka suruali inanata miguuni, na gari zima lipo, lina mafuta. Siku moja nikamuuliza kwa adabu sababu ni nini. Akasema gari la polisi likisimama mlangoni kwa mtu, majirani wameshamhukumu kabla hakimu hajavaa joho lake. Tukienda kwa miguu tunaonekana wageni tu. Tangu hapo nikaanza kubeba soksi za akiba.

Sasa nawaleta kwenye jambo lenyewe, na lazima nianze na mwanamke aliyesimama kwenye mvua. Msipomjua huyu, ya Isongole hamtayaelewa.

Kulikuwa na ndama aliyeibwa huko Isongole, na mwanamke mmoja kijana, jina lake Tumpe, alimwona mwizi akimswaga. Akaitwa kituoni mjini aje atoe maelezo. Akaja kweli. Lakini alipofika mlangoni akachungulia, akarudi nyuma haraka, akaenda kusimama kwenye ua la michongoma. Mvua inamnyeshea, na alikuwa mjamzito. Kaunta wakamwita, hakuja. Wakamwita tena, akawapa mgongo akajifunika khanga kichwa kizima.

Vijana wa kaunta wakaanza kutafsiri. Mmoja alisema ni kiburi. Mwingine, ambaye alikuwa ametoka depo, kwenye mafunzo, karibuni na alipenda sana upelelezi, akasema huyu bila shaka anakula njama na mwizi, ndiyo maana anaogopa. Na ndani kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja, Mzee Gwakisa, mwenye ndama. Naye tangu yule mwanamke achungulie alikuwa amegeuka anatazama ukuta, hasemi, hageuki. Kijana wetu mpelelezi akamwekea na mzee alama ya kuuliza. Akachukua ufunguo wa mahabusu, anatoka kwenda kumleta yule mwanamke kwa nguvu.

Hapo ndipo tulipofika mimi na Afande. Alisikiliza kidogo tu, akamwambia kijana arudishe ufunguo ulipokuwa. Akatoka mwenyewe kwenye mvua, bila mwavuli, akasimama ubavuni mwa Tumpe wakitazama upande mmoja, michongoma. Hawakutazamana. Walisimama hivyo kwa muda, Afande kalowa mpaka kofia inachuruzika, halafu nikaona yule mwanamke ameanza kusema.

Ndani, alisema, yupo baba yake mkwe.

Basi tu. Hilo ndilo lilikuwa fumbo zima. Kwa Wanyakyusa, mke wa kijana na baba wa huyo kijana hawakutani uso kwa uso. Mwanamke akimwona mkwewe anakuja njiani anaiacha njia, anaingia shambani, anajifunika na kugeuka mpaka mzee apite. Hawakai chumba kimoja. Hawali pamoja. Wala siyo ugomvi, wala mtu haogopi kupigwa. Ni heshima, na inamfunga mzee sawasawa na inavyomfunga mkwe. Mjini wengi wameilegeza, vijijini wapo wanaoishika barabara. Nilikuwa nimekaa Tukuyu miaka nikiwaona wanawake wakiingia migombani wazee wakipita, nikidhani wanakwenda kuchuma majani ya kufunikia chungu.

Afande akaingia ndani, akampitisha Mzee Gwakisa mlango wa nyuma, akamtafutia kiti jikoni na chai. Tumpe akaingia mbele, akasema yote aliyoyaona, kwa mpangilio, mpaka rangi ya ngozi ya yule ndama. Mwizi alikamatwa na ndama akarudi. Na baada ya wiki ile kukawa na benchi la pili upande wa nyuma wa kituo, na kila askari mgeni alielezwa ni la nini.

Jioni ile namrudisha nyumbani, Afande alisubiri mpaka tukapita hospitali. Halafu akasema, "Sajenti, leo tulikuwa tunamfungia shahidi kwa kosa la kuwa na adabu."

Hakumgombeza mtu. Lakini siku zilizofuata, kila safari, alinifanya nimuulize kila abiria tuliyempa msaada wa gari habari za huku: nani hasalimii nani, nani hakai na nani, msibani wanaume wanakaa wapi, akina mama wapi. Mimi nilichoka. Yeye alikuwa anasikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Alijifunza na salamu zao. Akimwona mzee anasema "ugonile", na wazee walifurahi mpaka walisahau walichokuja kushtaki.

Ikapita misimu. Sasa ndipo siku yenyewe.

Tulikuwa tunarudi kutoka Mbeya kwenye kikao, asubuhi imeshakucha vizuri, ukungu unainuka. Ndani ya gari mimi, Afande, na konstebo mmoja kijana anaitwa Fredi, mwenye bunduki. Tulipokaribia Isongole nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Tukapinda kona. Lori la mafuta limelala ubavu, tenki limechanika, na petroli inatiririka kwenye mtaro wa barabara kama maji ya mvua. Dereva wa lori alikuwa amekaa ukingoni kashika kichwa, mzima. Na mtaroni, watu.

Vijana, mnajua petroli ikimwagika inawafanya nini watu ambao hawajapata. Walikuja na madumu, ndoo, beseni, jagi. Kulikuwa na msiba nyumba ya upande wa juu wa barabara, na akina mama waliokuwa wanapika pale walikuwa wametelemka na sufuria za msiba, zile kubwa za kupikia wali wa watu wote. Wameinama mtaroni wanachota. Wengine wana watoto mgongoni. Na huko chini, mtaro unakoelekea, niliona moshi: kibanda cha mama anayekaanga viazi, jiko la mkaa linawaka.

Afande aliniambia nizime gari hapo hapo. Tulikuwa juu, petroli inatiririka kwenda chini. Niliwaza jambo moja tu, kwamba hawa watu wote tunaowaona hivi, kwa muda mfupi ujao hawatakuwepo.

Fredi akakoki bunduki apige hewani watawanyike. Afande akaushika mtutu kwa mkono, akaushusha taratibu.

"Ukifyatua hapa, mwanangu," akasema, "wewe ndiye unawasha."

Akachukua bunduki akaifungia garini. Akamwambia Fredi akimbie kwa kupitia mashambani, asipite mtaroni, akalizime jiko la yule mama kwa udongo, na jingine lolote atakalolikuta huko chini. Fredi akakata mbio. Sijawahi kuona askari anakimbia vile hata kwenye mashindano.

Vijana wa bodaboda walikuwa wameshafika na pikipiki zao, wengine hawajazima injini. Afande aliwaendea. Hakuwafokea. Alimtafuta yule mwenye sauti kubwa kuliko wenzake, akamwambia kuanzia sasa wewe ndiye mkuu wangu wa barabara upande wa Mbeya, gari lolote likipita nitakuuliza wewe. Akamchagua na mwingine kwa upande wa Tukuyu, naye akapewa watu wake, na yule dereva wa lori wakamchukua waende naye. Wale vijana walioshika madumu waliyatupa, wakajinyoosha, wakaenda kuziba barabara kwa mikono wakikokota pikipiki zimezimwa. Mpaka leo huwa nashangaa. Aliwatoa hatarini kwa kuwapa cheo.

Lakini mtaroni walibaki wengi, na wengi wao wanawake. Afande alisimama ukingoni akawasihi watoke. Walimsikia, wakamwangalia, wakaendelea kuchota. Mmoja alimjibu bila hata ubaya kwamba ndoo hii ikijaa anatoka. Kila mmoja alikuwa na ndoo moja tu ya mwisho.

Nikamwona Afande anageuka anatazama huku na huku, na macho yake yakaishia kule juu kwenye msiba. Wanaume wazee walikuwa wamekaa kando penye mianzi, wamevaa makoti yao marefu, miavuli na fimbo mapajani. Hawakushuka. Wasingeweza kushuka, maana mtaroni kulikuwa kumejaa wake wa watoto wao.

Akapanda kwenda kwao. Nikamfuata, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Mbele yao alikaa Mzee Gwakisa, yule yule wa ndama. Afande akamwamkia, akamweleza kwa ufupi: moto unakuja, sina askari, sina sauti ya kuwatoa, ila ninyi mkishuka wataondoka. Naomba mshuke mpange mstari.

Mzee akaelewa upesi. Nilimwona usoni ameelewa, na ndiyo maana sura ilimbadilika.

"Afande," akasema, "kule kuna mkwe wangu. Unaniomba nikamvunjie heshima mbele ya watu."

Afande Nyamizi alivua kofia yake. Akapiga magoti, magoti yote mawili, kwenye tope, na sare yake na nyota zake, mbele ya wazee walioketi.

"Ndiyo, tata," akasema, akimwita baba kwa lugha yao. "Ivunje leo, ili kesho awepo wa kukuheshimu."

Nimeona magwaride. Nimeona wakubwa wakipigiwa saluti viwanja vizima. Nawaambia kweli, sijaona ukubwa kama ule wa mwanamke aliyepiga magoti kwenye tope la Isongole, harufu ya petroli ikitujaa puani. Nilikuwa nyuma yake, na bila kuamriwa na mtu nilijikuta nimesimama mguu sawa.

Mzee Gwakisa akawageukia wenzake, akasema maneno machache Kinyakyusa. Hakuna aliyebisha. Wakainuka, magoti yanalia, wakashika fimbo na miavuli, wakaanza kutelemka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kimya. Walipofika barabarani wakajipanga ukingoni mwa mtaro, wanatazama mbele.

Mwanamke wa kwanza aliinua kichwa kutikisa ndoo yake, akawaona. Akasema neno moja la Kinyakyusa ambalo sikulishika, na ndoo ikamtoka mkononi. Lile neno likapita mtaro mzima. Loo, vijana! Ndoo zilianguka, beseni zikaanguka, khanga zikapanda vichwani, na wanawake wakatoka upande wa pili wa mtaro wakikimbilia mashamba ya viazi, wamejifunika, wameinama, hawageuki. Kile ambacho bunduki isingefanya, wala kipaza sauti, wazee wenye miavuli walikifanya kwa kusimama tu. Wanaume wachache waliokuwa wamebaki walijikuta peke yao mbele ya baba zao. Mzee mmoja akawaonyesha njia kwa kidevu. Wakatoka.

Akabaki mmoja.

Alikuwa Tumpe. Alikuwa ameingia ndani kuliko wote, karibu na tenki lenyewe, ana mtoto mgongoni, na mguu wake umezama kwenye tope la mtaro mpaka gotini. Alikuwa anauvuta hautoki. Na mtu aliyesimama karibu naye, hatua chache tu, alikuwa Mzee Gwakisa.

Mimi nilianza kukimbia, na Afande alikuwa mbele yangu, lakini tulikuwa mbali, na tope linateleza. Nilimwona Tumpe amemwona mkwewe. Akaacha kuvuta mguu. Akajifunika uso kwa khanga akatulia pale pale, petroli inampita, kama mtu aliyekubali. Yaani aliona bora hivyo.

Mzee alisimama kidogo. Halafu akageuka akampa mgongo. Akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, akipapasa ardhi kwa kisigino, mpaka ukingo kabisa wa mtaro. Akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, akaipitisha nyuma, chini ya kwapa, mpaka ncha yake ikafika mtaroni. Alisubiri.

Tumpe akaishika ile fimbo. Mzee akainama mbele akavuta, anatazama mianzi, shingo imekakamaa, wala hakugeuka hata kidogo. Mguu ukatoka, ndara ikabaki. Yule mama akatoka na mtoto wake, akaachia fimbo, akakimbilia mashambani bila kugeuka. Mzee naye akajinyoosha, akaanza kupanda, na Afande akamshika mkono.

Tulikuwa tumefika penye mianzi petroli iliposhika moto. Cheche ilitoka wapi hatukujua, labda betri ya lori. Kwanza ilikuwa mlio wa chini chini, halafu mtaro wote ukawa moto, mpaka kule chini karibu na kile kibanda ambacho Fredi alizima jiko lake. Joto lilitupiga usoni tukarudi nyuma. Zile sufuria za msiba tuliziona zinageuka nyeusi. Wanawake huko mashambani wakaanza kulia kwa sauti moja, na wazee nao walilia, wamesimama wameegemea miavuli. Mimi pia. Fredi alitokea kupitia mashambani uso mweusi wa majivu, anauliza wangapi, wangapi. Afande akamwambia hakuna. Kijana akakaa chini.

Kikosi cha zimamoto kilipofika tukaachiwa tuondoke. Afande akapanda mbele kama kawaida, lakini mkanda wa gari ulimshinda kufunga. Nilimfungia mimi. Akaniomba niendeshe taratibu, nikaendesha taratibu mpaka mjini.

Taarifa iliyoandikwa ilikuwa fupi. Lori limeungua, barabara imefunguliwa, hakuna madhara kwa binadamu. Ndivyo zinavyoandikwa na sina ugomvi nazo. Ila mkifika kazini mkakutana na maneno hayo mwishoni mwa taarifa, hakuna madhara kwa binadamu, msiyapite mbio. Inawezekana kuna mtu alipiga magoti mahali.

Afande alihamishwa kama wanavyohamishwa wote, na sasa amestaafu yupo kwao Tabora, analima karanga na kulalamikia jua. Mzee Gwakisa alifariki mimi nikiwa nimeshastaafu. Nilikwenda kumzika, nikakaa na wanaume kwenye mianzi, maana siku hizi najua pa kukaa.

Mwaka huu nilikwenda Isongole kununua viazi vya mbegu, kijana wa bodaboda akanipeleka kwenye nyumba moja, na aliyetoka alikuwa Tumpe. Alinitambua. Mtoto yule wa mgongoni sasa anasoma, alikuwa anafanya hesabu kwenye kibaraza na hakuwa na haja na mimi. Tulipima viazi, tukaongea habari za mvua. Nilipokaribishwa chai ndani nikaona juu ya mlango, kwa ndani, imelazwa fimbo kwenye misumari miwili. Ncha yake ilikuwa bado na rangi ya lile tope.

Akasema aliiomba baada ya mazishi, na mama mkwe wake akampa bila kuuliza.

Nikamuuliza, kwa utani wa kizee, sasa huyo mkwe wako hukuwahi kumshukuru? Akashangaa swali langu. Angemshukuru vipi, na hawakuwa wanakutana? Alikuwa akimpelekea ndizi na maziwa kwa mkono wa mama mkwe, na mzee akivipokea anasema ndaga fijo, yaani asante sana, ukutani, yeye akiwa upande wa pili wa ukuta anasikia. Miaka yote ile ndivyo walivyoongea.

"Nikuulize tena," nikasema. "Alikuwa anafananaje usoni?"

Tumpe alifikiri, akaitazama ile fimbo.

"Uso wake siujui vizuri, baba," akasema. "Mgongo wake ndio naujua."

Nilimpigia simu Afande Nyamizi nikiwa bado njiani, na gunia la viazi miguuni, nikamwambia neno kwa neno. Nikamsikia anavuta kamasi, akaniuliza kama ile ndara ya Tumpe iliwahi kupatikana.